Kupiga chuku kwenye kuchora watu: tunaochora mikao ya haraka Dodoma na kanda ya kati tukutane hapa

Mkaa wa Mzabibu (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nimeona nilimwage hapa maana najua humu kuna wachoraji, mafundi mabango, walimu wa sanaa na vijana wanaochorea kwenye simu. Nazungumzia kumchora mtu akiwa kwenye shughuli yake, mchoro wa dakika moja au mbili, na namna ya kuupiga chuku bila kuuharibu.

Nianze na gunia.

Asubuhi moja nilikuwa Soko la Majengo, nimekalia ndoo iliyopinduliwa karibu na lori lililoleta mahindi kutoka Kibaigwa. Kuli anapokea gunia mgongoni, anashuka kwenye ubao, anatembea hatua kama ishirini, anatua. Nikamchora mara nne. Nilijitahidi kweli: vichwa saba na nusu kutoka utosini hadi unyayoni kama nilivyofundishwa, mabega mahali pake, gunia mahali pake. Mama anayeuza karanga pembeni yangu akanyoosha shingo, akaangalia daftari, akamwangalia kuli, akaniuliza: "Mwanangu, hilo gunia lako lina pamba?"

Hakuwa anatania. Kwenye karatasi aliona mtu na gunia, uzito hakuuona. Nikaweka penseli chini nikamwangalia yule kuli upya. Goti la mbele lilikuwa limekunjika kuliko nilivyolichora. Kichwa hakikuwa juu ya mabega, kilikuwa kimesukumwa mbele, kidevu kinakaribia kugusa kifua, kwa sababu gunia lilikuwa limekaa pale kisogo kinapokaa. Mkono mmoja umeshika pembe ya gunia nyuma ya sikio. Mkono wa pili umejitenga na mwili, vidole vimetanuka, kama wa mtu anayevuka korongo juu ya gogo. Yote hayo yalikuwa mbele yangu mara zote nne, na mkono wangu ukayanyoosha yote.

Ndiyo tabia ya mkono wa mchoraji, unanyoosha. Jicho linaona mgongo umeinama nyuzi 30, mkono unachora 20. Kichwa kimelala upande, mkono unakirudisha katikati. Kichwani mwetu kuna mtu mmoja aliyesimama wima, mikono pembeni kama yuko paredi, na kila tunayemwona mtaani tunamvuta afanane naye. Kwa hiyo ukichora "kama ulivyoona", mchoro unatoka mkavu kuliko ulichokiona. Inabidi ulenge mbele ya ukweli ili uangukie kwenye ukweli. Waliokulia huku wanakumbuka kurushia mawe ubuyu wakati wa kiangazi, upepo ukiwa mkali. Aliyelenga ubuyu wenyewe alirudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa hilo neno chuku. Sekondari tulilisoma kwenye tamathali za semi, tukajibu mtihani, tukaliacha. Lakini chuku ni ile pembe ya kuumikia. Anayeumika hakuwekei pembe mwili mzima. Anakuuliza panapouma, anapapasa, anaiweka pale, anavuta, na nyama inavimba pale pale. Kwingine kote mwili unabaki ulivyo.

Mimi baada ya maneno ya yule mama nilikurupuka, nikakuza kila kitu. Macho, viganja, tumbo, gunia likawa kubwa kama gari la Noah. Nilipomwonyesha akasema sasa hajui aangalie wapi. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba majibu yake mawili yalikuwa somo moja.

Siku hizi kabla ya kuweka alama yoyote najiuliza mwili huu unafanya nini, na jibu naliandika pembeni ya karatasi kwa kitenzi kimoja: anabeba, anavuta, anasinzia, anakwepa. "Amesimama" sikikubali, hakuna mtu anayesimama tu. Anasubiri, anachoka, anajionyesha, anaona aibu. Kisha nauliza kitenzi hicho kinauma wapi. Kwa kuli ni shingo na goti. Chuku naweka hapo, na sehemu nyingine zote naziacha na adabu yake.

Mstari wa kwanza siuanzii kichwani. Natafuta mstari mmoja unaopita mwili mzima, kutoka kisogoni hadi kisigino cha mguu unaobeba uzito, nauchora kwa pumzi moja. Mara nyingi ni upinde. Mtu anayesukuma mkokoteni kwa nguvu zake zote anakuwa mstari ulionyooka kabisa, umeegama kama nguzo inayozuia ukuta usianguke. Chuku ya kwanza inaingia hapo, kabla ya kiungo chochote. Ukiukosa mstari huo, hata ukuze mikono namna gani baadaye huokoi kitu.

Nyie mnafanyaje? Karibuni.

Binti Chemba

Asante kwa uzi, kaka. Mimi nachora kwenye simu, kwa kidole, kutoka kwenye picha ninazompiga bibi yangu nyumbani. Nikifuata picha ilivyo, bibi anaonekana kama amegandishwa. Nikiongeza chumvi anakuwa kibonzo, na sipendi bibi yangu awe kibonzo. Mpaka uko wapi?

Fundi Bango

Mleta uzi umeandika vizuri ila mimi napinga kidogo, na nina miaka zaidi ya ishirini kwenye rangi.

Vijana wengi wanaokuja kwangu kujifunza wanakimbilia hiyo chuku kabla hawajajua kiwiko kinafika wapi mkono ukining'inia. Ukimrekebisha anakwambia "hiyo ni staili yangu". Staili gani wakati mkono wa kushoto umezidi wa kulia shubiri nzima? Kwanza ajue kwamba kiwiko kinakaa usawa wa kiuno, vidole vinafika katikati ya paja, nusu ya mtu mzima ipo kwenye nyonga na si kitovuni, mtoto wa miaka miwili ni vichwa vinne au zaidi kidogo. Ajue, ndipo avunje. Mtu hawezi kuongeza chumvi kwenye mboga ambayo hajaipika.

Halafu mteja. Mteja wa bango hataki falsafa. Anataka kinyozi kwenye ukuta wa saluni yake afanane na kinyozi.

Kijana wa Ipagala

Nimekaa mbele kabisa hapa. Wenye michoro tupieni tuone.

Mkaa wa Mzabibu

Nimjibu fundi kwanza. Mzee wangu, vipimo sivikatai. Navitumia kila siku. Ninachokataa ni kuvifanya ndiyo mlango wa kuingilia. Mimi nilipita kwenye darasa moja ambako kwa muhula mzima tulipima watu kwa rula na penseli iliyonyooshwa mbele ya jicho moja, na aliyechora mgongo umeinama kuliko wa jirani yake alikatwa maksi. Tuliotoka pale tulijua urefu wa kila mfupa, na hakuna aliyeweza kumchora mtu anayekimbilia daladala. Vipimo na mwendo vifundishwe siku moja, asubuhi hiki, jioni kile. Mtoto anajifunza kutembea na kusema wakati mmoja, hatumwambii asubiri.

Na zoezi la mikao ya haraka ni la siku nyingi. Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa Marekani aliyefariki 1938, alikuwa anawahimiza wanafunzi wake wakamate mwili unachofanya kabla hawajahangaika na unavyofanana. Na kutia chumvi ni mojawapo ya zile kanuni 12 za katuni zinazotembea, zile za kwenye filamu, ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston wa Disney walizichapa mwaka 1981. Watu wale walijua maumbile ya mwili vizuri sana. Hawakutia chumvi kwa sababu ya kutojua.

Binti Chemba, swali lako ndilo nililolitaka. Ninavyoona mimi, mchora katuni wa gazetini, mfano Gado au Masoud Kipanya, chuku yake kubwa anaiweka kwenye utambulisho, yaani sura, pua, kipara, tumbo la mkubwa, ili msomaji akitupa jicho ajue huyu ni nani. Wewe hutaki hilo. Bibi yako unamjua. Chuku yako iende kwenye nguvu, na nguvu inakaa kwenye pembe za viungo.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Ongeza pembe kwanza. Kama bega la kulia limeshuka, lishushe zaidi, na kama nyonga imepanda upande huo huo, ipandishe zaidi, mpaka zile mbavu na nyonga zikaribie kubusiana. Upande ule ngozi inajikunja, na upande wa pili umevutika, mrefu, laini. Weka mstari mfupi wenye mikunjo upande uliokunjwa, na mstari mmoja mrefu usiokatika upande uliovutika. Hapo tayari umepiga chuku ya kutosha na hakuna mfupa uliougusa. Urefu unafuata, nao uuguse kwa woga. Unene uwe wa mwisho, na mara nyingi hutauhitaji. Ukianza na unene na macho ndipo bibi anageuka kibonzo.

Na fanya hivi jioni ya leo. Chagua mkao mmoja, uchore mara tatu. Wa kwanza, kama unavyouona. Wa pili, kila pembe uiongeze kidogo. Wa tatu, iongeze mpaka mtu avunjike, mpaka wewe mwenyewe useme haiwezekani. Usiuogope huo wa tatu, ndio unaokuonyesha ukuta uko wapi. Halafu ziweke zote tatu mbali, chini ya mlango, uziangalie ukiwa umesimama. Mimi mara nyingi ninayemtaka namkuta kati ya wa pili na wa tatu, na karibu kila mara huyo wa kwanza niliyedhani ni wa kweli ndiye anayeonekana ni wa uongo.

Kuhusu picha ya simu: inakata kipande kidogo sana cha sekunde, na ukiwa umesogea karibu, lenzi inakuza kilicho mbele. Goti lililoelekezwa kwako linakuwa kubwa kuliko kichwa. Hiyo ni chuku ya mashine, haikuuliza panapouma. Kwa kuwa bibi unaye hapo, muangalie arudie kazi yake mara kumi bila kuchora, ndipo uchore.

Mwalimu wa Kondoa

Niongezee la kwetu, maana mtu akisoma haraka anaweza kudhani elimu hii imeshuka na ndege.

Pale Kolo, kaskazini ya Kondoa mjini kwenye barabara ya kwenda Babati, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Eneo zima la michoro lina mapango na miamba iliyochorwa zaidi ya 150. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kuinakili mwaka 1951. Nimewapeleka wanafunzi mara kadhaa, na kila mara nawaambia kwanza wakae kimya waangalie miili.

Watu wale wamerefushwa. Kiwiliwili kirefu na chembamba, miguu na mikono kama fito, na kichwani kuna umbo kubwa la duara ambalo wengine wanalisoma kama nywele na wengine kama kinyago. Macho hayapo, pua haipo. Kuna mchoro mmoja maarufu ambao mtu wa katikati ameshikwa mikono na walio kulia na walio kushoto. Leakey aliona ni mtu anayetekwa, wengine baadaye wakasema ni mambo ya ngoma na uganga. Wanabishana kuhusu maana, lakini hakuna anayebisha kwamba mikono ile inavuta. Aliyechora alitumia rangi nyekundu ya udongo, kitu chembamba cha kuchorea na ukuta wa jiwe, na mvutano wa ile mikono umedumu hadi leo.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, walikuwa warefu hivyo kweli?" Nikamwambia achuchumae, kisha asimame taratibu huku akijinyoosha kama anataka kugusa paa la pango. Nikamuuliza anajisikia ana urefu gani. Akacheka, akachora upya.

Mkaa wa Mzabibu

Mwalimu, nimesoma hiyo nikasimama. Asante.

Hata tukija karibu zaidi, Wamakonde kwenye vinyago vya shetani, na George Lilanga aliyefariki 2005 kwenye rangi, wote walijua kukunja mwili mpaka useme. Masikio, matumbo, vidole, kila mtu wa Lilanga anaongea na mwenzake kwa mgongo. Chuku tunayo kwenye damu. Shule ndiyo inatunyoosha.

Mama Nasra

Samahani nauliza swali la kijinga. Huku kwetu wanawake wengi tumevaa baibui, au kanga na dera. Hayo mabega na nyonga mnayosema yanaonekana wapi? Nikichora naishia kuchora gunia lingine.

Cherehani Makole

Mama Nasra swali lako si la kijinga hata kidogo. Mimi si mchoraji, ni fundi nguo, ila hili nalijua.

Kitambaa hakishikwi na mwili kila mahali. Kinashikwa sehemu chache, kwingine kinaning'inia tu. Baibui linaning'inia mabegani. Mtu akinyanyua mkono, mikunjo yote inakimbilia begani na kwapani. Akiinama kuokota kitu, kitambaa kinabana mgongoni na kinalegea tumboni. Akitembea, goti la mbele linasukuma, na mkunjo mrefu unaanzia hapo gotini unashuka kuelekea kisigino cha mguu wa nyuma. Kanga iliyofungwa kifuani, mikunjo inatoka kwenye fundo kama miali. Mteja akija kulalamika nguo inambana, mimi siangalii anaponionyesha kwa kidole. Naangalia mikunjo inaelekea wapi, na kule inakoelekea ndiko kwenye tatizo.

Mkaa wa Mzabibu

Fundi, umenifundisha kitu kikubwa leo.

Mama Nasra, chukua hayo aliyosema kisha fanya uchaguzi. Kwenye dera moja unaweza kuona mikunjo hamsini. Chagua miwili au mitatu inayotoka pale mwili unapofanya kazi, irefushe, ikolezee mkono, na hiyo mingine yote iache karatasini ikiwa nyeupe. Mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani akiwa na kanga ni mfano mzuri. Juu ametulia kabisa, shingo imenyooka kama mchi. Mwendo wote umehamia kiunoni na kwenye kanga. Ukitingisha na kichwa, umemwaga maji.

Ngoma ya Chamwino

Mimi nacheza ngoma, sichori sana, lakini mdogo wangu anachora na amekwama kwenye muheme. Mnajua akina mama wanavyopiga, ngoma imebanwa kati ya mapaja, mikono inapiga kwa zamu, mwili unafuata. Anachora viganja vikiwa juu ya ngozi ya ngoma na inaonekana kama wanaipapasa.

Mkaa wa Mzabibu

Mwambie asichore pigo. Achore kabla ya pigo, mkono ukiwa umefika juu kabisa, kiwiko kimefunguka, bega limepanda hadi karibu na sikio. Hapo mtazamaji anamalizia mwenyewe, anasikia sauti ambayo bado haijatoka. Kiganja kikishatua kwenye ngozi, nguvu imeshatoka, kimebaki kiganja tu.

Na chuku aiweke kwenye magoti na mapaja. Ngoma imebanwa hapo, mguu unafanya kazi kubwa kuliko mkono, ila watu wengi wanaangalia mkono kwa sababu ndio unaocheza. Magoti yabane kweli, unyayo uelekee nje, nyonga irudi nyuma kidogo. Wewe umecheza, mdogo wako akuangalie wewe ukishikilia mkao huo hadi mapaja yaanze kutetemeka. Atajua panapouma.

Kijana wa Ipagala

Mkuu, mkaa unanunua wapi? Dukani nimekuta penseli tu.

Mkaa wa Mzabibu

Sinunui. Jina langu humu linatokana na hilo.

Wenye mashamba ya zabibu Miyuji na Hombolo wakishapogoa, vile vijiti vinatupwa au vinakuwa kuni. Omba vilivyonyooka, unene wa penseli. Menya ganda, kata urefu wa kidole, vibane wima kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, visicheze. Toboa tundu moja la msumari mdogo kwenye kifuniko. Weka kopo katikati ya jiko la mkaa linalowaka vizuri. Moshi utatoka kwenye tundu, mzito mwanzoni. Ukikata kabisa, ipua, na usifungue mpaka kopo lipoe lenyewe, hata kama ni kesho yake. Ukifungua likiwa la moto, hewa inaingia, vijiti vinageuka majivu mbele ya macho yako. Vikitoka vizuri ni vyeusi tii, vyepesi, na ukigonganisha viwili vinalia kama kioo.

Napenda mkaa huu kwa sababu hauruhusu kope za macho. Unamlazimisha mtu achore kwa bega, si kwa vidole. Na ukikosea unafuta kwa kiganja, mstari wa kwanza unabaki kama kivuli chini ya wa pili, unaona kabisa ulivyoogopa mara ya kwanza.

Karatasi, tumia kaki au nyuma ya makalenda ya mwaka jana. Mikao ya haraka inakula karatasi, ukitumia ya bei utaanza kuihurumia.

Fundi Bango

Nimerudi.

Juzi nilikuwa stendi kuu Nzuguni nasubiri mzigo, nikasema ngoja nijaribu mambo ya huyu kijana. Nikachora wapiga debe. Watu wale wameumbwa kwa ajili ya zoezi hili. Mmoja alikuwa ameegama kumfuata abiria mwenye begi, mkono mmoja umeelekea kwenye basi, mwingine unakaribia kulishika begi, kichwa kinaangalia huku, miguu inaelekea kule. Nikaandika pembeni "anavuta" ingawa hajagusa kitu. Nikaongeza ule mwegamo.

Nakubali kwamba mchoro ulikuwa na uhai ambao sijaupata kwenye bango kwa miaka. Nimesema. Ila una kasoro na sijui niirekebisheje: anaonekana anaanguka. Si kwamba anamfuata mtu, anaanguka kifudifudi.

Mkaa wa Mzabibu

Mzee wangu, nimefurahi mno. Na kasoro hiyo dawa yake unayo kwenye kasha la vifaa kama umewahi kufanya kazi na waashi. Timazi.

Chukua uzi, funga kijiwe, uning'inize mbele ya jicho lako kuanzia kwenye shimo la koo la huyo mtu, lile bonde dogo kati ya mifupa miwili ya shingo. Mtu aliyesimama kwa mguu mmoja, uzi unaangukia kwenye unyayo wa mguu huo. Aliyesimama kwa miguu miwili, unaangukia katikati yake. Uzi ukianguka nje ya miguu yote, mtu huyo ama anatembea, ama ameegemea kitu, ama anaanguka. Kwa hiyo ukiongeza mwegamo, kuna deni umelifungua na lazima sehemu nyingine ilipe. Sogeza mguu wa mbele umfuate, au mrudishe nyuma kwa nyonga, au mkono wa nyuma uurefushe uwe kama mkia wa kuku. Angalia kuli wa Majengo, gunia limekaa nyuma ya shingo ndiyo maana kifua kimekwenda mbele. Ukiondoa gunia kwenye ule mchoro ukaacha mwili, anapiga pua chini.

Mpiga debe wako, nakisia uliongeza mwegamo wa mgongo ukaiacha miguu pale pale ilipokuwa. Hatua ya mbele iongeze kiasi kile kile ulichoongeza mgongoni.

Fundi Bango

Ndivyo nilivyofanya, miguu niliiacha. Nimeuona sasa hivi hata bila timazi. Nachora upya kesho.

Lakini kwenye la vipimo bado sijakubali.

Mwalimu wa Kondoa

Jambo dogo kwa mnaochora sokoni na stendi: ombeni ruhusa, au mkishachora mwonyesheni mhusika. Mji wetu ni makao makuu, mtu akiona anaandikwa-andikwa na asiyemjua anaweza kuwa na wasiwasi, na ana haki. Mara nyingi akiona mchoro anakaa vizuri zaidi na anakuitia wenzake. Na karibu na majengo ya serikali msikae na madaftari bila kuuliza.

Mkaa wa Mzabibu

Kabisa, mwalimu. Mimi kuli wangu nilimpa mchoro wa mwisho. Aliukunja akauweka kwenye mfuko wa shati.

Binti Chemba

Kaka, nimefanya.

Jana bibi alikuwa anapeta mtama. Nilikaa kwenye kinu namwangalia kama ulivyosema, sikushika simu mpaka ungo umepanda na kushuka mara nyingi sana. Nikagundua kitu ambacho picha zangu zote hazikunionyesha: bibi hapeti kwa mikono. Anapeta kwa vidole vya miguu. Kila ungo unapopanda, visigino vinanyanyuka kidogo, goti linalegea, na mgongo unarudi nyuma kama anakwepa pumba zisimwingie machoni. Mikono inafuata tu. Nimekaa naye miaka 19 sikuwa nalijua hilo.

Nikaandika "anakwepa". Nikachora mara tatu. Wa tatu alikuwa amepinda mpaka ungo ukawa nyuma ya kichwa, huyo nimemfuta. Wa pili nimemwonyesha. Visigino nimevinyanyua kuliko ukweli, kidevu nimekirudisha ndani, mikono nimeiacha ya kawaida, uso sijauchora kabisa.

Akaangalia muda mrefu. Akasema: "Huyu ni mama yangu."

Sijui kama nimekosea au nimepatia.

Mkaa wa Mzabibu

Dada, usibadilishe hata mstari.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi malori yanaposhusha nitakuwa Majengo upande wa nafaka, na yule mama wa karanga amekubali tukae kwenye kivuli chake. Fundi Bango njoo na timazi, Cherehani ukipata nafasi karibu sana. Mkaa nitaleta wa kutosha, kila mtu abebe kaki yake. Binti Chemba kama nauli ya kuja ni ngumu, tuma mchoro wa bibi kesho, nitauchapa nije nao.